Dirisha la elektrokromi

Dirisha la elektrokromi ni dirisha lenye kioo kinachoweza kutiwa giza au kurudishwa kuwa angavu kwa kutumia umeme kidogo. Lengo lake ni kurekebisha kiasi cha mwanga na joto la jua kinachoingia katika jengo kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Jina linatokana na neno la Kigiriki khroma, yaani rangi.

Sababu ya kubuniwa

Kioo cha kawaida hupitisha mwanga pamoja na joto. Karibu nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini ni mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni. Kioo chenye giza la kudumu hupunguza joto, lakini siku ya mawingu hulazimu taa kuwashwa mchana. Katika nchi zenye majira ya baridi huzuia pia joto la jua ambalo lingesaidia kupasha nyumba.

Historia

Mwaka 1969 mwanasayansi Satyen K. Deb alieleza jinsi utando mwembamba wa oksidi ya wolframi unavyobadilika rangi kwa umeme. Katika miaka ya 1980 Claes-Göran Granqvist wa Uswidi na Carl Lampert wa Marekani walikuwa miongoni mwa watafiti walioendeleza matumizi yake katika madirisha. Ndege ya Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, ina madirisha ambayo abiria huyatia giza kwa kubonyeza kitufe.

Muundo na utendaji

Kwa kawaida kioo hupakwa tando 5: mbili za nje hupitisha umeme na mwanga, na kati yake kuna oksidi ya wolframi, utando unaopitisha ioni, na utando wa kuhifadhi ioni, mara nyingi wa oksidi ya nikeli. Volti chache husukuma ioni za lithi na elektroni kuingia katika oksidi ya wolframi, nayo huwa ya buluu. Umeme ukigeuzwa, ioni hurudi na kioo huwa angavu. Mfumo huu unafanana na betri ya kuchajiwa. Umeme mwingi huhitajika wakati wa kubadilisha tu, na kioo kikubwa huweza kuchukua dakika kadhaa.

Usanifu

Kioo kilichotiwa giza hufyonza joto la jua na chenyewe hupata moto. Kwa hiyo tando huwekwa kwenye kioo cha nje cha dirisha la vioo viwili, ili joto hilo litoke nje badala ya kuingia chumbani. Vihisio vya mwanga na halijoto vinaweza kuendesha mabadiliko bila mtu.

Matumizi katika nchi za joto

Faida ni kubwa zaidi mahali penye baridi kali na joto kali katika mwaka uleule. Karibu na ikweta, kama vile Mombasa au Dar es Salaam, nyumba haihitaji kupashwa joto. Jua la mchana huwa juu sana, hivyo upenuo wa paa hukinga kuta za kaskazini na kusini kwa gharama ndogo. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hupigwa na jua la chini la asubuhi na jioni, na hapo ndipo kioo hiki kinaweza kusaidia jengo lenye viyoyozi. Kwa nyumba inayotegemea upepo, madirisha ya mbao yenye luva, kama yale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hukinga jua na kupitisha hewa kwa pamoja, kazi ambayo kioo kilichofungwa hakiwezi kuifanya.