Mtoto wa Amman na Fuwele Zenye Nafasi Ndani

Ndugu msomaji, jioni ukikaa kufuturu, baada ya tende mkono wako unatafuta maji. Na si unajua, wengi wetu maji hayo tumeyapata kwa mitungi, mfereji ukiwa umekauka tangu juzi. Basi leo nakuletea historia ya mtu aliyekulia kwenye shida hiyo hiyo, na ya elimu aliyosaidia kuijenga.

Omar Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Waliishi wengi katika chumba kimoja, na mifugo yao humo humo. Maji yalikuja kwa saa chache tu, mara moja kwa wiki au wiki mbili, naye alikuwa akikimbilia kujaza kila chombo. Baba yake aliishia darasa la sita. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Siku moja, akiwa na miaka 10, alijipenyeza katika maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida ilikuwa imefungwa. Akachomoa kitabu chochote tu, akaona michoro ya ajabu iliyomvutia. Kumbe ilikuwa michoro ya molekuli! Alipofika miaka 15, baba yake alimtuma Marekani kusoma.

Sasa tuje kwenye elimu yenyewe. Tazama chembe ya chumvi: ina kona na pande zilizonyooka, kwa sababu atomu zake zimejipanga safu kwa safu. Kitu kama hicho huitwa fuwele. Kwa miaka mingi wanakemia walichanganya vitu, wakangoja kuona fuwele gani itatokea. Je, yawezekana mtu akaipanga kabla, kama fundi anavyopanga nyumba?

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, Richard Robson alikuwa akitengenezesha mipira ya mbao ya kuwafundishia wanafunzi maumbo ya molekuli. Ilibidi aoneshe mahali pa kutoboa matundu ya vijiti. Akagundua kwamba matundu yakikaa mahali pake, umbo zima linajitokeza lenyewe. Alikaa na wazo hilo zaidi ya miaka 10 kabla ya kulijaribu maabarani. Mwaka 1989 alitangaza fuwele ya shaba na molekuli yenye mikono minne. Ilikuwa imepangika kama almasi, lakini ndani ina nafasi kubwa.

Hebu fikiria nyumba ya udongo kabla haijakandikwa: fito zimefungwa kwa kamba, upepo unapita katikati. Ndivyo ilivyo. Metali ndiyo mafundo, molekuli za kaboni ndizo fito. Yaghi alivipa viunzi hivi jina mwaka 1995, na kwa kifupi huitwa MOF.

Tatizo lilikuwa moja: viunzi vya mwanzo vilibomoka kwa urahisi. Wengi waliona ni kazi bure. Lakini mwaka 1997 Susumu Kitagawa wa Japani alikausha kiunzi chake, akakijaza gesi na kuitoa, nacho hakikuvunjika. Na mwaka 1999 Yaghi akaleta MOF-5, iliyotengenezwa kwa zinki na asidi ile ile inayotumika kwenye plastiki ya chupa za soda. Ilistahimili joto la nyuzi 300 ikiwa tupu. Gramu chache zake zina kuta za ndani ambazo zikitandazwa zingejaa uwanja wa mpira!

Na maji je? Yaghi na wenzake walitengeneza kiunzi cha zirkoni kinachonyonya mvuke kutoka hewani usiku. Mchana jua hukipasha, mvuke hutoka na kugeuka matone. Walikijaribu katika jangwa la Arizona, na mwaka 2018 wakatangaza matokeo: kilo moja ilitoa gramu 100 za maji kwa siku. Hata nusu glasi haijai. Ni kidogo, sikatai. Lakini ni maji yaliyotoka kwenye hewa kavu, bila umeme, na kazi inaendelea kwa kutumia alumini, iliyo rahisi kuliko zirkoni.

Tarehe 8 Oktoba 2025, Robson, Kitagawa na Yaghi walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Vijana wenzangu, mimi sikulia kwa ajili ya tuzo. Nilikumbuka kabati la vitabu katika shule niliyosoma. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo hatukuwahi kuuona. Tuliambiwa tutachafua vitabu. Kemia nikaikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Wangapi kati yetu walipita mbele ya kabati kama hilo miaka minne mizima?

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Kama wewe ni mzazi, mwalimu au kiongozi wa kikundi, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwako, lifungue. Na wewe mdogo wangu, likifunguliwa, usingoje kuambiwa uchukue kipi. Chomoa chochote.