Kusoma kilimo ngambo: mwanafunzi wa Lualaba anaenda kutafuta nini, na anarudi na nini?

Kwenye masoko ya Kolwezi, mfuko wa unga wa mahindi unatoka mbali. Sehemu kubwa ya mahindi inayoliwa Lualaba na Katanga ya Juu inavuka mpaka, zaidi sana kutoka Zambia. Tarehe 29 Februari 2024, Rais wa Zambia alitangaza kwamba ukame ulikuwa msiba wa taifa. Mwaka kama huo, hata sufuria ya bukari ya Kolwezi inasikia.

Lakini mvua si haba upande huu. Kuanzia Oktoba ama Novemba mpaka Aprili, inanyesha zaidi ya milimita 1,000. Udongo wa kulima uko Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga. Ila barabara ni mbovu, mbolea ni bei, na vijana wengi wanachagua shimo kuliko jembe. Sababu inaeleweka: shimo linaweza kulipa jioni ileile, shamba la mahindi linalipa kisha miezi mingi.

Hata hivi, kuko vijana wanaosoma kilimo, na kati yao wengine wanatafuta njia ya kwenda kujifunza inchi zingine. Wazazi wanauza kitu ili mtoto aende. Basi ni vizuri kujua safari za namna hii zimeleta nini mpaka leo, njia gani ziko wazi, na mtu aulize nini mbele ya kupanda ndege.

Muhogo, kidudu na nyigu

Muhogo wenyewe ni mgeni. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta ku pwani ya Kongo, ukaingia ndani kijiji kwa kijiji. Leo hakuna anayekumbuka ugeni wake, na sombe ni chakula cha kila nyumba.

Mwaka 1973, karibu na Kinshasa na Brazzaville, wakulima waliona majani ya muhogo yanajikunja na kukauka. Kidudu cheupe, chenye kufanana na unga, kilikuwa kinanyonya mmea. Kilikuwa kimetoka pia Amerika ya Kusini, lakini adui zake wa asili walibaki kule. Kwa miaka michache kikaenea inchi nyingi za Afrika, na mahali pengine mavuno yakaanguka vibaya sana.

Dawa ya kupuliza haikuwa jibu kwa mkulima asiye na franga. Watafiti wa IITA, taasisi ya kilimo iliyo Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Rudolf Herren, waliuliza swali lingine: kule kidudu kilipozaliwa, nani anakizuia? Mwaka 1981 kidudu kilipatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani yake. Nyigu huyo alichunguzwa kwanza ili asilete hatari ingine, kisha akaachiliwa Nigeria mwaka uleule, na baadaye inchi nyingi. Mafundi wa Kiafrika walifundishwa kumfuga na kumfuata shambani. Muhogo ukaokoka bila mkulima kununua dawa. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo la Chakula la Dunia.

Kazi hiyo ilihitaji watu wa mabara matatu waseme pamoja. Ilihitaji pia mtu wa hapa mwenye kujua kuangalia jani na kuhesabu vidudu. Bila huyo, nyigu angeachiliwa na hakuna angejua kama anafanya kazi.

Penga Penga: mbegu ilikuwa hapahapa

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Lubumbashi, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi wake ulienda upande upepo unavuma. Miti ikakufa, udongo ukabaki uchi, umejaa shaba na madini mengine. Juu ya udongo huo watu walijenga mtaa wa Penga Penga. Wakati wa kiangazi vumbi linaingia ndani ya nyumba, ku mikono na vinywa vya watoto.

Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, waliofanya kazi pamoja na wenzao wa Ubelgiji, zaidi sana wale wa Gembloux, walitafuta namna ya kufunika udongo huo. Hawakuleta nyasi ya Ulaya. Walienda ku vilima vya shaba vya Katanga, mahali ambapo tangu zamani kunaota mimea inayovumilia madini. Walichukua nyasi ya huko, wakaipanda Penga Penga na kujaribu kuchanganya udongo na chokaa na mbolea ya takataka zilizooza. Chokaa inapunguza uchungu wa udongo, na mbolea inashika sehemu ya madini ili isiingie kirahisi ndani ya mmea.

Jambo hilo linagusa Kolwezi moja kwa moja. Kuko bustani nyingi za lengalenga na matembele karibu na migodi, viwanda na mito inayopita kwenye viwanda. Majani yanaweza kubeba madini bila kuonekana mabaya. Kuosha vizuri kunatoa vumbi lililo juu ya jani, lakini hakutoi kile kimeingia kupitia mizizi. Agronomu mwenye kujua kupima udongo ni mtu wa lazima katika mji kama huu.

Kilichotoka ngambo Penga Penga ni namna ya kupima, kulinganisha na kuandika. Mmea na swali vilitoka hapa.

Njia zilizo wazi

*Zambia na Tanzania.* Zambia inashiriki na Lualaba udongo mwekundu wenye uchungu na misitu ya miombo. Tangu katikati ya miaka ya 1990, wakulima wengi kule wamefundishwa kuchimba vishimo vya kupandia wakati wa kiangazi, kuweka mbolea ndani ya kishimo tu, na kuacha mabua shambani bila kuyachoma. Ni mambo mtu anaweza kuona kwa macho na kujaribu kwao mwaka unaofuata. Tanzania iko na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Barabarani Kiswahili kinatosha, lakini darasani, kama Zambia, masomo ni ya Kiingereza.

*Ubelgiji.* Shule ya kilimo ya Gembloux iko tangu 1860, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Liège. Masomo ni ya Kifaransa. Bursi za ARES zinapokea maombi ya Wakongomani, lakini kwa kawaida zinatafuta mtu aliyekwisha kufanya kazi kwao, si yule ametoka tu shuleni.

*China.* Tangu 2009, Chuo Kikuu cha Kilimo cha China kinatuma wanafunzi wake kuishi na wakulima katika wilaya ya Quzhou, na tangu 2019 kinapokea Waafrika katika mpango huo. Mwanafunzi anajifunza China, anarudi kwao kufanya majaribio, kisha anarudi China kumaliza. Ule wakati wa kati, unaotumika nyumbani, ni wa kuangaliwa sana.

*Costa Rica.* Chuo cha EARTH kimefunguliwa tangu 1990 na kinapokea vijana wa Afrika pia. Wanafunzi wanasoma kwa Kihispania, wanashika jembe, na wanaanzisha biashara ndogo ya kilimo wakiwa bado masomoni.

*Israel.* Kuko kozi za karibu mwaka mmoja ambazo siku nyingi za juma ni za kazi shambani na siku chache ni za darasa. Kijana anapata mshahara na anajifunza kumwagilia kwa matone. Lakini ni kazi ngumu, na mahali pengine ni karibu na vita: tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wawili wa Tanzania, waliofika muda mfupi tu mbele kwa mafunzo hayo, waliuawa.

Kuzungumza na dunia bila kupanda ndege

Si kila mtu atapata visa. Shirika la wanafunzi wa kilimo, IAAS, lilizaliwa Tunis mwaka 1957 na linaunganisha wanafunzi wa inchi nyingi kwa kubadilishana mafunzo na mikutano. Tangu 2021, FAO inaendesha Jukwaa la Chakula la Dunia, la vijana, kutoka Roma. Sehemu ya mazungumzo inapita ku simu. Mwanafunzi wa Kolwezi anayejua kueleza vizuri tatizo la udongo wenye shaba atasikilizwa, sababu wakulima wa Chile na Peru nao wanaishi karibu na migodi ya shaba.

Maswali mbele ya kuweka sahihi

- Kontra inasema ni masomo ama ni kazi? Saa ngapi za darasa kwa juma?
- Cheti kitatambuliwa na serikali ya Kongo?
- Nani analipa tiketi ya kurudi, na dawa mtu akigonjwa?
- Pasipoti inabaki mkononi mwa nani? Lazima ibaki kwa mwenyewe.
- Mtu anayedai franga ili "kutafuta bursi" anatumwa na nani? Bursi ya kweli inaombwa ku ubalozi, ku chuo ama ku shirika lenyewe.
- Majaribio ya mwisho wa masomo yanaweza kufanywa Lualaba?

Na kisha kurudi?

Hapo njo kazi kubwa iko. Agronomu anayerudi anakuta ofisi bila motokari na mshahara mdogo, na mgodi unaweza kumwita kwa mshahara mzuri. Si kosa lake peke yake. Sheria ya migodi ya 2018 inaomba kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na 15% ya ushuru wa madini iende ku sekta na miji ya mahali. Pesa hizo zinajadiliwa na wawakilishi wa wakaaji. Wanaweza kuuliza kama sehemu moja italipia bursi ya kijana wa kijiji na pia, akirudi, kazi na mahali pa kupimia udongo.

Hata bila hayo, kitu kimoja kinawezekana mvua ya Novemba ikianza: shamba dogo la majaribio karibu na kijiji, nusu yake imepandwa kama watu wamezoea, nusu kwa namna mwanafunzi ameona ngambo, mbegu ileile, siku ileile. Wakati wa mavuno, shefu na wamama wanaolima wanaitwa, gunia zinapimwa mbele ya wote. Kama nusu ya mgeni imeshindwa, nalo linaandikwa.