Uhalifu wa Vijana Washington: Ni Malezi ya Mama Peke Yake?

Wengi wetu tuliokulia Silver Spring, Hyattsville au Alexandria tulisikia habari za "vijana wa D.C." kwanza nyumbani, na hazikuwa sifa. Zilifuatwa na onyo ambalo karibu kila mwanachama wa klabu yetu analijua: ukianza tabia hizo, nitakurudisha nyumbani ukasome bweni. Methali nayo haikuwa mbali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hatuikatai methali hiyo. Lakini tumesoma historia ya mji huu muhula huu, na tumeona kwamba huo ulimwengu nao una sheria zake, bajeti zake na watu wanaoamua. Kumlaumu mama peke yake ni rahisi mno.

Tuanze na mitaa. Katika miaka ya 1950 serikali ilibomoa sehemu kubwa ya mtaa wa Southwest kwa jina la kuusafisha mji. Watu wapatao 23,000 walihamishwa, wengi wao Weusi na maskini, na wengi wakaishia ng'ambo ya mto Anacostia, kwenye nyumba za serikali. Makanisa, maduka na majirani walitawanyika. Sisi ambao wazazi wetu husifu mtaa ambapo kila mtu mzima aliweza kumkemea mtoto wa mwenzake, tunaelewa hasara hiyo bila kuhesabiwa. Mama hakubadilika. Aliondolewa wasaidizi wake.

Mahakama ya watoto ilikuwapo mjini tangu 1906, ikiwa na ahadi nzuri: mtoto aliyekinzana na sheria asitendewe kama mhalifu mkubwa, bali aangaliwe kama mzazi mwema anavyomwangalia mwanawe. Mwaka 1961 polisi walimkamata Morris Kent, kijana wa miaka 16, kwa makosa mazito ya kuvunja nyumba, wizi na ubakaji. Jaji wa watoto alimpeleka kwenye mahakama ya watu wazima bila kumsikiliza wakili wake na bila kutoa sababu. Alihukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 90. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1966 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mtoto hawezi kuhamishwa hivyo: lazima asikilizwe, wakili aone faili lake, na jaji aandike sababu. Jaji Abe Fortas alieleza wasiwasi kwamba mtoto hupata hasara pande zote mbili, kwani hapati ulinzi wa kisheria wa mtu mzima wala matunzo aliyoahidiwa kama mtoto.

Ushindi huo haukudumu hapa ulipozaliwa. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mahakama za D.C. iliyomruhusu mwendesha mashtaka wa serikali kuu kumshtaki kijana wa miaka 16 au 17 kama mtu mzima kwa makosa fulani makubwa, bila kikao chochote mbele ya jaji wa watoto. Mwendesha mashtaka huyo huteuliwa na Rais. Wazazi wa Anacostia hawakumpigia kura wakati ule, na hawampigii hata leo.

Hata hivyo si kila kitu kililetwa na watu wa nje, na hapa ndipo tulipobishana sana darasani. Dawa ya kulevya ya kreki ilipoingia miaka ya 1980, mauaji yaliongezeka hadi kupita 470 mwaka 1991. James Forman Mdogo, aliyekuwa wakili wa utetezi mjini humu, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2017 jinsi viongozi na wakazi Weusi wenyewe walivyodai adhabu kali, kwa sababu ni watoto wao waliokuwa wakiuawa. Waliomba pia shule na kazi. Walichopewa kwa wingi ni polisi na jela. Tukisoma hayo tunasikia sauti za wazazi wetu: hofu ya kweli inayopewa jibu moja tu.

Jibu hilo kwa vijana liliitwa Oak Hill, jela ya watoto iliyojengwa Laurel, Maryland, mbali na familia zisizo na gari. Mwaka 1985 mawakili walilishtaki jiji kwa niaba ya watoto waliofungwa huko: msongamano, uchafu, masomo duni. Oak Hill ilifungwa 2009, na kituo kidogo cha vitanda 60 kikafunguliwa Laurel hiyo hiyo. Miaka 24 kati ya shtaka na kufungwa! Mtoto aliyezaliwa siku ya shtaka alikuwa mtu mzima.

Kuzuia kulijaribiwa pia. Mwaka 1967 Marion Barry na wenzake walianzisha Pride, wakawaajiri vijana mitaani kufagia na kuua panya, kwa fedha za Wizara ya Kazi. Alipokuwa meya alianzisha ajira za kiangazi mwaka 1979, na mpango huo ungali hai. Ukiongea na wakazi wa mji wa rika la wazazi wetu, wengi watakuambia mshahara wao wa kwanza ulitoka hapo. (Sisi wa Maryland na Virginia hatukuruhusiwa, na tuliona wivu.)

Tukakumbuka Nairobi. Mwaka 1959, baada ya vita vya Mau Mau kuacha watoto wengi bila wazazi, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianza Starehe kwa vibanda viwili vya mabati ili kuwapokea chokoraa wa mjini. Leo wazazi wetu huitaja Starehe kama shule ya vipanga. Wachache hukumbuka kwamba wanafunzi wake wa kwanza ndio waliokuwa wakiitwa wahuni.

Mwaka 2025 Baraza la D.C. lilimpa mkuu wa polisi uwezo wa kutangaza maeneo ambamo vikundi vya vijana havitakiwi kukusanyika kuanzia saa mbili usiku. Tulipowauliza wazazi wetu, karibu wote waliunga mkono. Tulipowauliza vijana hao waende wapi saa mbili, wengi walinyamaza, kisha mmoja akasema: "Nyumbani." Tukamuuliza, na kama mama yuko kazini zamu ya usiku?

Yeye mwenyewe hufanya zamu ya usiku.