Tiba ya kusikiliza muziki: kipi ulipie, kipi ufanye mwenyewe nyumbani

Mtoto akichelewa kuongea, akiziba masikio kila blenda inapowashwa, au akigundulika kuwa na usonji, mzazi huambiwa mengi. Mojawapo ni tiba ya kusikiliza muziki. Mtoto huvalishwa hedifoni na kusikilizishwa muziki uliochujwa kwa mitambo, kwa siku au wiki kadhaa. Wazazi wengi huuliza wataipata wapi kwa bei nafuu. Kabla ya kutafuta bei, jua kwanza unanunua nini, kwa sababu chini ya jina hili kuna vitu viwili tofauti.

Kusikiliza kwa hedifoni

Aina hii ilianza na Alfred Tomatis, daktari Mfaransa wa masikio, pua na koo. Katika miaka ya 1950 alitengeneza mashine ya kupunguza baadhi ya sauti za muziki na kukuza nyingine, akiamini kwamba sikio linaweza kufundishwa upya. Mfaransa mwingine, Guy Bérard, alileta njia fupi zaidi: vipindi 20 vya nusu saa, viwili kwa siku, kwa siku 10. Siku hizi zipo programu zinazoingia kwenye simu, kama Safe and Sound Protocol yenye saa 5 za muziki. Mashine ya kliniki haihitajiki tena, lakini bado unalipia leseni, hedifoni na muda wa mtu aliyefunzwa kuitoa.

Je, inasaidia? Mwaka 2011 wachambuzi wa shirika la Cochrane walipitia tafiti zilizofanywa kwa watu wenye usonji, wakaona ushahidi hautoshi kuipendekeza. Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza iliwaelekeza wahudumu wasiitumie njia ya aina hii kutibu matatizo ya lugha kwa watoto wenye usonji. Mama anayesema mwanawe alibadilika si mwongo. Watoto hukua, na nusu saa ya utulivu kila siku karibu na mlezi ni kitu chenyewe. Ila si sababu ya kukopa, kuuza mbuzi au kuacha kliniki ya mazungumzo ili kuilipia.

Muziki pamoja na mtu

Aina ya pili ni tofauti kabisa. Mtaalamu wa tiba ya muziki hukaa sakafuni na mtoto, wakapiga ngoma, wakaimba na kupokezana. Mtoto akigonga mara mbili, naye anagonga mara mbili, kisha anangoja. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2022, wenye tafiti 26 na washiriki 1,165, uliona kwamba waliopata tiba hii walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuonyesha nafuu kwa ujumla. Haiondoi usonji, na matokeo si sawa kila mahali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, wa watoto 364 katika nchi 9, haukuona dalili zikipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Lakini ukiwa na pesa kidogo na lazima uchague, chagua hii.

Kabla ya yote, pima masikio

Hapa ndipo tunapoomba usiruke. Mtoto asiyeitikia jina lake anaweza kuwa na usonji, na anaweza pia kuwa hasikii vizuri, au ana ute uliojaa nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara. Hedifoni hazitibu lolote kati ya hayo, na miezi inayopotea ni ile ile ambayo lugha hujengeka. Anza kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa ya idara ya masikio, pua na koo. Kenya, vituo vya tathmini vya EARC hupokea pia watoto wenye shida ya kusikia. Usaha ukitoka sikioni, usimvalishe chochote masikioni wala usimwage mafuta ndani. Mpeleke hospitali.

Unachoweza kuanza leo

Chagua wimbo mmoja mfupi ambao mtoto anaupenda, hata kama ni wa kaswida, wa kwaya au wa kumbembeleza. Uimbe wakati ule ule kila siku, kwa mfano wakati wa kuoga. Akishauzoea, simama kabla ya neno la mwisho, mwangalie usoni, na uhesabu kimoyomoyo mpaka 10. Kungoja huko ndiko kazi yenyewe, na ndiko kunakotushinda watu wazima. Akitazama, akitoa sauti au akigusa mkono wako, hilo ni jibu: maliza wimbo kwa furaha. Sufuria na mwiko vinatosha kuwa ngoma. Dakika 10 zinatosha pia.

Kwa mtoto anayesumbuliwa na sauti, anza kwa kuimba polepole bila chombo. Akiziba masikio au akigeuka, acha. Usimlazimishe ili azoee. Penye kelele kama harusini au sokoni, mvalishe vizuia kelele, vile wanavyovaa mafundi wa mashine, lakini asishinde navyo siku nzima.

Ukitumia muziki wa simu, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Huna kipimo? Mwongeleshe kwa sauti ya kawaida ukiwa umbali wa mkono mmoja. Asipokusikia, punguza.

Kugawana gharama

Wataalamu wa tiba ya muziki ni wachache katika nchi zetu, na kumpata kila wiki ni ndoto kwa familia nyingi. Badala ya vipindi 12 vya mtoto mmoja, wazazi watano wanaweza kuchangia vipindi vichache vya pamoja, wakiomba mtaalamu awafundishe walezi na mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Akiondoka, ujuzi unabaki. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yanayofuata wazo hilo hilo, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe daktari. Uliza hospitali ya wilaya au shirika la wazazi lililo karibu kama yanatolewa.

Na kwa yeyote anayekuuzia programu ya hedifoni, uliza haya: Mtoto wangu amepimwa masikio? Tutapima nini kabla na baada? Asipobadilika, tunaacha lini? Anayejibu kwa kukuahidi kwamba mtoto ataongea baada ya siku 10, mshukuru na uondoke na pesa zako.