Sekunde 24 zilitoka wapi, na je, shule za upili zinazihitaji?

Wasee, hebu fikiria mechi ya basketboli inaisha 19-18. Si robo ya kwanza, na si ati ni watoto wa praimari. Ni mechi nzima ya NBA.

Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons walienda Minneapolis kukutana na Lakers. Lakers walikuwa na George Mikan, jamaa wa zaidi ya mita mbili. Pistons walijua wakicheza kawaida watachapwa, so wakaamua kukaa na mpira. Pasi huku, pasi kule, hakuna kutupa. Hakuna sheria iliyowakataza. Mikan alifunga pointi 15 kati ya 18 za timu yake, na bado akaenda nyumbani amepoteza.

Ligi ilikaa na hiyo shida mpaka 1954. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse Nationals, na meneja wake Leo Ferris, wakafanya hesabu rahisi sana. Waliangalia mechi tamu zilikuwaje: kila timu ilikuwa inatupa kama mara 60, jumla 120. Mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Ndiyo hiyo saa ya kutupa ikazaliwa.

Msimu mmoja tu, wastani wa pointi kwa kila timu ukapanda kutoka 79.5 hadi 93.1. Na fainali ya 1955? Syracuse wakawapiga Pistons, wale wale, 92-91 kwenye mechi ya saba. Tofauti ni pointi moja tena, lakini sasa watu walicheza.

Wengine walifuata polepole. FIBA iliweka sekunde 30 mwaka 1956, ikashuka hadi 24 mwaka 2000. Vyuo vya Marekani viligoma kwa muda. Mwaka 1982, North Carolina ya kina Michael Jordan ilikaa na mpira dhidi ya Virginia ya Ralph Sampson, ikashinda 47-45, watu wakiangalia kwa TV. Miaka mitatu baadaye, vyuo vya wanaume vikakubali sekunde 45. Leo ni 30.

Shule za upili za Marekani ndizo zimebaki zikibishana. Mwaka 2021 shirikisho lao, NFHS, liliruhusu kila jimbo kuamua lenyewe kama litaweka sekunde 35 kuanzia msimu wa 2022-23. Mengine yamekubali, mengine bado.

Wanaokataa si wajinga. Saa zinagharimu pesa, na lazima mtu akae mezani kuzibonyeza bila kukosea. Halafu kuna shule ndogo isiyo na majitu. Kwake, kukaa na mpira ndiyo silaha pekee. Ukimnyang'anya hiyo, umemwachia nini?

Mimi nasema mmemwachia difensi. Bila saa, unaweza kukaba vizuri dakika mbili nzima na usipate kitu. Ukiwa na saa, ukikaba sekunde 35, mpira ni wako. Hiyo ni zawadi kwa timu yenye bidii, hata kama ni wafupi.

Na cheki hesabu. Mechi ya shule ya upili huko ni dakika 32, yaani sekunde 1,920. Hata kila mtu akimaliza sekunde zake zote 35, mpira unabadilisha mikono kama mara 54. Kocha bado anaweza kucheza polepole. Kitu hawezi ni kusimamisha mchezo kabisa.

Biasone hakuokota 24 hewani. Alihesabu mchezo wenyewe. Shule nazo zihesabu mechi zao, zichague namba inayowafaa, halafu ziweke saa. Kijana anayefanya mazoezi mwaka mzima hafai kumaliza mechi akiangalia mwenzake amekumbatia mpira.

Wewe unasimama upande gani? Na kama shule yako ilicheza bila saa, tuambie ilikuwaje.