Kiraka cha Oraba

Mwaka 2016, vita vilipowaka tena Juba mwezi wa saba na kusambaa mpaka upande wa Yei, tulivuka kutoka Kaya tukaingia Uganda pale Oraba. Mimi, watoto wanne, godoro na sufuria. Familia moja ya Wakakwa ilitupa nafasi kwenye kiwanja chao, nasi tukasimamisha turubai letu, lile la plastiki la mita 4 kwa 5 ambalo wengi tunaliita shitingi. Wiki mbili hazijaisha, upepo ukalipasua kuanzia kwenye mti wa kona, urefu wa mkono mzima.

Nikachukua sindano nikashona kama ninavyoshona nguo, mishono midogo, karibukaribu. Nikajiona fundi! Mvua ya kwanza ilipopiga, likachanika palepale kwenye mstari wa matundu, kama mtu anavyochana tiketi. Usiku ule tulikaa macho, unga ndani ya sufuria, mtoto mdogo magotini.

Asubuhi akaja mzee jirani, fundi cherehani. Akatazama, akacheka kidogo.

"Mama, nani alikufundisha kushona plastiki kama kitenge?"

Kumbe naye alishakuwa mkimbizi, njia hiihii, ila kwa kwenda kule nilikotoka mimi. Serikali ya Amin ilianguka Aprili 1979. Oktoba 1980 wanajeshi wake wa zamani walishambulia Koboko na Arua, kisha jeshi la serikali mpya likaja kulipiza kisasi kwa raia. Watu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Mzee alivuka Kaya akiwa kijana, akaishi ng'ambo miaka sita. Nadhani ndiyo sababu wazee wa hapa hawakutuuliza maswali mengi.

Hema lao lilikuwa la turubai la pamba, na hapo ndipo alipojifunza kazi. Pamba ikilowa inavimba, inaziba tundu la sindano. Unakata kiraka kikubwa kuliko tundu, unakunja kingo, unashona mistari miwili kwa uzi uliopakwa nta. Mvua inakuja, unalala.

Plastiki haivimbi. Ndani yake kuna nyuzi bapa zilizofumwa kama mkeka, na kila sindano inakata baadhi yake. Kwa hiyo mzee alifumua mishono yangu yote. Akakata ile sehemu iliyooza kwa matundu, akakutanisha midomo miwili, akaikunja pamoja mara tatu ili uzi ushike tabaka nyingi. Juu yake akaweka utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, akashona mbalimbali, kidole kizima kati ya mshono na mshono. Mkunjo akauelekeza chini, maji yasiingie mfukoni. Kwenye kona, jicho la kamba lilikuwa limeng'oka: akafunga kijiwe laini ndani ya turubai, akazungusha kamba shingoni mwake. Hakuna tundu kabisa.

Nikamwuliza hema lake la Sudan liliishia wapi. Akasema waliliacha limesimama, walikimbia usiku. Alichobeba ni sindano.

Upande wa pili niliushona mwenyewe, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda. Mvua iliyofuata ukavuja. Akaja, akapapasa mkunjo kwa kidole gumba.

"Umekunja mara mbili," akasema. "Fumua."