Mjusi wa Tendaguru alibebwa na nani?

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumzie historia ya nchi yetu, ila kwa kutumia masikio zaidi kuliko macho.

Siku hizi nikipanda daladala nasikiliza podikasti. Kwa wale ambao hawajazizoea, ni vipindi kama vya redio, ila havikulazimishi uwe umekaa kando ya redio saa tatu kamili usiku. Unakipakua kipindi kwenye simu, unakisikiliza kwenye foleni, ukifika kituoni unakata, na jioni unaendelea pale pale ulipoishia. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 2004, na tangu hapo watu wa mataifa mengi wamekuwa wakichimbua historia zao na kushangaa wenyewe. Mmarekani Mike Duncan alitenga mfululizo mzima wa vipindi vyake kusimulia namna watumwa wa Haiti walivyoipiga Ufaransa na kujitangazia uhuru mwaka 1804. BBC nao wana kipindi kiitwacho Witness History. Ni kifupi, dakika kama kumi tu, na mara nyingi anayesimulia ni mtu aliyekuwepo siku hiyo, aliyeona kwa macho yake. Profesa anaweza asisikike kabisa.

Baada ya kusikiliza za wenzetu, nikajiuliza: hivi za kwetu zinazoshangaza ni zipi? Shuleni tulikariri Mkutano wa Berlin, Maji Maji, Azimio la Arusha, tukajibu mtihani, tukasahau. Lakini nchi hii ina visa ambavyo ukimsimulia mtu kijiweni atakwambia umevitunga. Hebu tuchukue vitatu.

Cha kwanza kiko Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru. Waliondoka na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yaliyoigandia. Mmoja wa wanyama hao, yule tunayempenda kumwita "mjusi", amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937, na kimo chake kinapita mita 13. Mara kwa mara tunabishana kama arudishwe nyumbani au la, hata bungeni suala hilo limefika. Sawa, tubishane. Lakini kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi hakukuwa na reli wala barabara ya gari. Kila mfupa ulikwenda pwani kichwani au begani mwa mtu, na mrefu sana ulining'inizwa kwenye miti ukabebwa na watu kadhaa kwa pamoja. Ni safari ya siku kadhaa kwa miguu, halafu unarudi kufuata mwingine. Na kumbuka hiyo ni miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, kusini yote ikiwa imechomewa mashamba na kufishwa njaa.

Cha pili kiko Kigoma. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Ziwa Tanganyika, na huko ikaungwa upya msumari kwa msumari. Ikashushwa majini mwaka 1915, vita vikiwa vimeshaanza. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi nene isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka 70 baadaye, mwaka 1997, meli hiyo hiyo ikavusha makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo kuwarudisha kwao. Filamu gani hiyo?

Cha tatu tunakikanyaga kila siku. Kariakoo! Unakwenda kununua simu, viatu, vitenge, unabanana na mikokoteni, na hujawahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Nairobi nao wana Kariokor yao, asili ni hiyo hiyo. Wapagazi hao hawakupewa bunduki. Walibebeshwa risasi, unga, mahema na majeruhi, kwa sababu farasi na punda walikufa kwa mbung'o na magari yalikwama kwenye matope. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kupita 90,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Hapo hujawahesabu waliolazimishwa kubebea Wajerumani, wala wanavijiji ambao majeshi yote mawili yaliwanyang'anya chakula chao.

Sasa rudi nyuma uvitazame visa hivi vitatu kwa pamoja. Umeona kitu?

Majina ya wataalamu wa Tendaguru yapo: Werner Janensch na Edwin Hennig. Majina ya mafundi watatu wa Kijerumani walioiunga Goetzen yapo. Jina la jenerali wa Kijerumani aliyewazungusha Waingereza miaka minne, Paul von Lettow-Vorbeck, lipo, na vitabu juu yake vinajaza kabati. Lakini waliobeba? Wa Tendaguru tunamjua Boheti bin Amrani, msimamizi wa kazi aliyekuwa na ujuzi mkubwa wa kufukua na kuandaa mifupa, kwa kuwa Wajerumani walimtaja. Baada yake ni "mamia ya vibarua". Huko Kigoma ni "wafanyakazi wenyeji". Huko Kariakoo wamebaki jina la soko, nalo tumelitamka mpaka maana ikapotea.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kichwani kwa mwingine unaona kama pamba tu. Historia yetu imeandikwa kwa mtazamo huo. Aliyeandika alikuwa anatembea mikono mitupu pembeni ya aliyebeba.

Si kwamba wapagazi hawakuwa na la kusema. Walisimulia sana! Walirudi vijijini wakasimulia jioni motoni, wakatunga nyimbo, wakawaita watoto wao majina ya safari zile. Ila maneno yao yalikuwa ya mdomoni, na karatasi ilikuwa ya bwana mkubwa. Maneno ya mdomo yasiponaswa yanakwenda na msemaji. Ndiyo maana naona podikasti inatufaa sisi kuliko hata wale walioianzisha. Kumbukumbu zetu nyingi zimehifadhiwa kwa sauti. Ukizihamishia kwenye kitabu unapoteza nusu: kile kicheko, pale mzee anaponyamaza, wimbo unaomjia katikati ya maelezo. Sisi wa magazetini tunalijua hili vizuri. Unakaa na mzee saa mbili, mhariri anakupa maneno mia nne, na kati ya hayo mia ni ya mkuu wa wilaya.

Na msidhani nazua jambo jipya. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha utafiti wa Maji Maji, chini ya wanahistoria kama Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi walikwenda vijijini, wakakaa na wazee, wakawauliza. Ilikuwa zaidi ya miaka 60 tangu vita vianze mwaka 1905, kwa hiyo kijana wa miaka 15 wa wakati ule alikuwa ameshakaribia 80. Wangechelewa miaka 15 tu, wasingemkuta mtu. Mengi tunayoyajua leo kuhusu namna habari za ile maji ya Kinjekitile zilivyosambaa kutoka kijiji hadi kijiji yametoka kwenye vinywa vya wazee wale. Vijana wa umri wetu ndio waliofanya kazi hiyo, tena wao hawakuwa na simu mfukoni.

Wapagazi wa Tendaguru hatuwapati tena. Wa Carrier Corps pia wamekwisha. Hilo tulimeze. Swali linalobaki ni hili: wabeba mizigo gani bado wako hai?

Wapo. Chukua reli ya TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia walichimba, wakapasua miamba, wakabeba mataruma bega kwa bega na Wachina. Sehemu ya Mlimba hadi Makambako, kule milimani, ndiyo iliyowatoa jasho zaidi, kwa madaraja na mahandaki yake. Wachina waliofia kwenye kazi hiyo wana makaburi yao Gongo la Mboto, yanatunzwa, na wenzao huenda kuwaenzi. Nawapongeza kwa hilo. Sasa nitajie jina la kibarua mmoja wa Kitanzania aliyejenga TAZARA. Mmoja tu.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 alizaliwa mwaka 1950. Hesabu mwenyewe leo ana mingapi. Aliyehamishwa na Operesheni Vijiji mwaka 1974 akiwa binti mwenye mtoto mgongoni, na sufuria kichwani, naye hesabu. Aliyekwenda vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, hesabu. Wako mitaani kwetu, wanakaa barazani, tunawasalimia shikamoo na kupita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, simu uliyonayo ina kinasa sauti. Tafuta mahali pasipo na kelele, mwombe mzee ruhusa, mweleze sauti yake itakwenda wapi, na akikataa jambo fulani lisitoke, heshimu. Usianze na maswali ya maoni, eti "unaionaje serikali ya wakati ule". Muulize kazi. Mliamka saa ngapi? Mlikula nini? Mzigo ulikuwa na uzito gani, na bega liliuma upande upi? Mliimba nini? Nani alikufa, na alizikwa wapi? Muulize majina, tena mwache ayataje yote. Kama lugha yake ni Kimwera au Kihehe, asimulie kwa lugha hiyo, utafsiri utafanyika baadaye. Kisha yale uliyoyapata yalinganishe na nyaraka, maana kumbukumbu nayo huchanganya miaka, na mzee mmoja si historia nzima. Sauti itunze sehemu zaidi ya moja, kwani simu huibiwa.

Sio lazima uwe mtangazaji, wala usingoje mfadhili. Sauti ya dakika kumi inatumwa hata kwa WhatsApp, na kuisikiliza hakumalizi bando.

Mimi nitaanza na TAZARA. Kama una baba, babu au jirani aliyefanya kazi kwenye reli ile, muulize leo, usingoje sikukuu. Na akianza kutaja majina ya wenzake, tafadhali usimkatize.

Tuko pamoja?